Wazee na ziwa: tusifungiwe nchi kavu

(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya wazee wa chama, mbele ya mkutano wa wanachama)



Tuliomba nafasi ya kusema na komite imetupatia. Aksanti. Tunasema sisi wazee wa chama, wale wa pwani, kuanzia Mboko, Baraka na Ubwari, na wale walioshuka kutoka Minembwe na milima yake. Karatasi hii tumeiandika pamoja, siku tatu, na kubishana mingi. Anayeisoma tumemchagua kwa sababu moja tu: macho yake angali anaona herufi ndogo.

Mbele yenu kuna pendekezo. Linasema mwanachama akifikisha miaka 65, asipewe tena mkopo wa nyavu wala wa mashini ya boti, na asipande tena boti ya chama kwenda Uvira, Kalemie ao Kigoma, isipokuwa kwa sababu ya ugonjwa. Leo mutapiga kura. Kabla ya kunyoosha mikono, mutusikilize.

Tunajua pendekezo hili limetoka wapi. Halikutoka kwa adui. Limetoka kwa watoto wetu wenyewe. Wanaogopa kutuzika, na wanaogopa zaidi kukosa kutuzika, maana ziwa likimchukua mtu, mara nyingine halimrudishi. Woga huo si upumbavu. Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilometa 670, na pale penye kina kirefu linashuka mpaka metre 1,470. Duniani kote ni ziwa moja tu linalolizidi kina, Baikal la huko Urusi. Hatuwezi kusimama hapa tuseme kwamba maji haya ni mchezo.

Lakini tunasema pendekezo hili linashika mti usio wenyewe. Linapima umri, na hatari iko mahali pengine.

Ziwa kwetu ni barabara

Kwanza tukumbushane sisi ni nani. Sisi ni watu waliorudi. Mwaka 1996 vita vilipotufikia, wengi wetu tulivuka maji haya usiku, ndani ya mitumbwi na boti za mbao, tukafika Kigoma, tukapelekwa Nyarugusu, na wengine baadaye Lugufu. Mwezi wa 10 mwaka 2005, UNHCR ilipoanza kurudisha watu wa Kivu ya Kusini kutoka Tanzania, njia ilikuwa ile ile: Kigoma mpaka Baraka, juu ya maji. Watu walikimbia kwa ziwa na wakarudi kwa ziwa.

Wale walioshika usukani usiku ule wa 1996 walikuwa na miaka arobaini na kitu. Leo wako hapa, wamekaa kwenye viti vya mbele, wamepita 65. Pendekezo linawaambia kwamba walikuwa wazuri wa kuvusha watu wakati wa risasi, lakini hawafai kwenda kumuona mutoto wao Kigoma wakati wa amani.

Tena muangalie nchi yetu. Barabara ya kwenda Uvira, mvua ikinyesha, munaijua. Madaraja yanakatika, malori yanalala njiani. Na sisi wazee ndio tuko na safari nyingi: kupima macho, kufuata karatasi za shamba, kuhudhuria kilio cha ndugu, kubariki arusi ya mujukuu aliyebaki ng'ambo. Ukimfungia muzee ziwa, haumwekei salama. Unamweka juu ya pikipiki kwenye matope ao unamwacha nyumbani akingoja habari. Na muzee anayengoja habari tu, miguu yake inakufa mbele ya siku zake.

Wenzetu wa Minembwe wanasema jambo la kwao. Wao hawakuzaliwa na maji. Walizaliwa na ng'ombe, na baridi ya mulima. Wengine waliliona ziwa mara ya kwanza siku ya kukimbia, wakiwa watu wazima wenye watoto, hawajui hata kuogelea. Kwao ziwa lilikuwa woga mtupu. Lakini leo jamaa zao wametawanyika Baraka, Uvira, Bujumbura na Kigoma, na pikipiki haivuki maji. Wanasema: tulijifunza kupanda boti tukiwa wakubwa, sasa munatuambia tushuke?

Nani anazamisha boti?

Tuseme ukweli juu ya vifo. Mwezi wa 12 mwaka 2014, boti Mutambala ilizama kwenye ziwa letu, ikitoka Kalemie kuelekea Uvira. Watu zaidi ya mia moja walikufa. Kulikuwa upepo mkali na mzigo kupita kiasi. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, kwenye ziwa Kivu, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama ikiwa karibu kabisa kufika Goma, watu wakiangalia kutoka ngambo ya Kituku. Nayo ilikuwa imejaa watu kupita kiasi.

Katika habari hizo mbili, nani alisikia kwamba tatizo lilikuwa muzee aliyekaa katikati ya boti? Boti inazama kwa mzigo, kwa upepo, kwa mashini mbovu, kwa kukosa jileti, kwa kapita asiyekubali kungoja. Kama chama kinataka kuokoa watu, kianze hapo. Sheria ya miaka 65 itawaacha vijana ishirini wazame na magunia yao bila muzee hata mmoja kati yao. Je, hapo tutakuwa tumeshinda?

Umri unachukua nini

Hatukuja hapa kujisifu. Umri unachukua vitu, na tumekubaliana tuvitaje sisi wenyewe mbele yenu, kuliko mutunong'oneze nyuma.

Unachukua macho. Mwanga wa jua juu ya maji unachoma, na mwenye mtoto wa jicho haoni mtumbwi mdogo unaokuja. Usiku ni mbaya zaidi. Vijana wanavua ndakala usiku wa giza kwa taa, na muzee akitazama taa zile kisha akageuza uso gizani, anabaki kipofu kwa muda mrefu kuliko kijana.

Unachukua mizani ya mwili. Mawimbi yakiinua boti, kijana anasimama kama mbuzi juu ya jiwe. Sisi tunaanguka. Na mfupa wa muzee ukivunjika, kupona ni shida.

Unachukua nguvu ya mikono. Kuvuta wavu uliojaa, kusukuma boti mchangani, kuvuta kamba ya mashini inayokataa kuwaka, hizo kazi zimetupita. Na mtu wa miaka 70 akianguka majini, kujivuta mwenyewe kurudi ndani ya boti ni karibu haiwezekani.

Unachukua joto. Maji ya ziwa letu si ya baridi kama ya Ulaya, lakini nguo ikiloa na upepo wa alfajiri ukapiga, muzee anatetemeka mbele ya wengine wote.

Na kuna jambo la aibu ambalo tunalisema kwa sababu linaumiza watu. Wengi wetu tuko na tansio, na tunameza dawa ya kukojolesha. Siku ya safari, kwa kuogopa haja ndogo mbele za watu, muzee anaacha dawa na hakunywi maji tangu jana yake. Wamama ndio wanateseka zaidi. Saa sita ya mchana, jua liko juu ya kichwa, mtu anaona kizunguzungu, anasimama, anaanguka. Watu wanasema ni uzee. Si uzee, ni kiu na dawa iliyoachwa. Ndoo moja na kitenge cha kuzungushia vingetosha kumaliza aibu hiyo.

Umri unaleta nini

Sasa upande wa pili. Kutoka mwezi wa 5 mpaka wa 9, wakati wa kiangazi, upepo wa kusini-mashariki unatawala ziwa. Ndani ya ghuba yetu ya Baraka haumsumbui mtu sana, maana Ubwari inatukinga. Kijana anaangalia maji ya Baraka, anaona yametulia, anasema twende. Muzee anajua kwamba ukipita ncha ya Ubwari kuelekea Kigoma, ukuta umeisha, na ziwa lenyewe linakungoja. Anaangalia mawingu juu ya milima ya ng'ambo, anaangalia namna mitumbwi ya mbali inavyorudi, kisha anasema: leo hapana.

Neno hilo ndilo mali yetu kubwa. Kijana ana deni la esanse, ana abiria wamelipa, anaogopa kuchekwa. Muzee hana haraka. Wakati wa mvua, dhoruba inaweza kushuka kutoka mlimani kwa nusu saa, na mara nyingi mchana ao jioni. Muzee anajua kutoka mapema, na anajua pa kujificha, ghuba kwa ghuba, kwa sababu alijifunza ziwa hili kwa kasia, na upepo ukikubali kwa tanga, mbele mashini hazijawa nyingi. Anayesafiri kwa kasia anajua kila jiwe la pwani. Anayesafiri kwa mashini ya 40 anajua tu mwanzo na mwisho.

Na hilo si la hapa tu. Mwezi wa 11 mwaka 1871, Livingstone alipanda mtumbwi Ujiji pamoja na Stanley kwenda mwisho wa kaskazini wa ziwa hili, kuona kama Ruzizi inaingia ao inatoka. Waliona inaingia. Livingstone alikuwa na miaka 58, mwili umechoka kwa magonjwa, na Stanley alikuwa kijana wa miaka 30. Lakini waliojua upepo na mahali pa kulala walikuwa wapiga kasia wa ziwa hili.

Karibu zaidi na siku zetu, mwaka 2019 mama mmoja Mwingereza, Jeanne Socrates, alimaliza kuzunguka dunia peke yake kwa mashua ya tanga, bila kusimama bandari yoyote, akiwa na miaka 77. Alikuwa njiani siku 339. Mbele ya hapo, mwaka 2017, alianguka kutoka kwenye mashua yake ikiwa nchi kavu, akavunjika shingo na mbavu. Hakuondoka na maumivu yake. Alingoja apone, akatoka mwezi wa 10 wa 2018. Na mwaka 2022 Mujapani Kenichi Horie alivuka bahari ya Pasifiki peke yake, kutoka San Francisco mpaka Japani, akiwa na miaka 83.

Hatusemi tuwaige. Wale wako na mashua za maelfu ya dola, na simu za kuongea na satelaiti. Tunawataja kwa jambo moja: hawakufika kwa nguvu ya mikono. Walifika kwa kujitayarisha, kwa kushusha tanga mapema, kwa kungoja. Na hayo yote muzee wa Ubwari anayajua bila satelaiti.

Hata vyombo vyenyewe vinatufundisha. Meli Liemba ilishushwa majini Kigoma mwaka 1915, chini ya Wadachi. Mwaka 1916 wenyewe waliizamisha. Mwaka 1924 ikainuliwa, na 1927 ikaanza kazi tena. Mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi kwetu huku, na mwaka 2015 ilibeba Warundi waliokwama Kagunga. Ina miaka zaidi ya mia, ni mzee kuliko sisi wote hapa. Ilidumu kwa sababu ilitunzwa na ilibadilishiwa mashini. Hakuna aliyesema ivunjwe siku ilipofikisha 65.

Namna ya kuendelea

Kwa hiyo tunaomba tubadilishe kazi, si kufukuzwa kazini. Haya ndiyo tuliyokubaliana sisi wazee, na tuko tayari kuyafuata.

Moja, muzee asiende peke yake. Hata kama ni kutega nyavu karibu na pwani, awe na mujukuu ao mwenzake. Mwenye mtumbwi anayekwenda peke yake baada ya miaka 65, mkopo wake usimame. Hilo tumelikubali, ingawa baadhi yetu limewauma.

Mbili, usiku ni wa vijana. Taa, giza na nyavu nzito za ndakala tunawaachia. Sisi tubaki na mchana, mtumbwi mdogo, pwani inayoonekana.

Tatu, jileti ivaliwe, isikaliwe. Tumeona watu wanaikunja kuwa mto. Kama hakuna, bidoni tupu ya litre 20 iliyofungwa sana kifuniko, na kamba ya kushika, itamwinua mtu majini. Kila boti ya chama iwe na bidoni hizo, na kamba yenye fundo ama ngazi fupi ya kumrudishia mtu ndani.

Ine, tujali kupanda na kushuka. Wazee wengi hawaumii katikati ya ziwa, wanaumia pwani, boti ikigonga mchanga na kila mtu akiruka. Tangu mwaka 2020 maji yamepanda mara na mara, yakaingia manyumba Baraka, Uvira na Kalemie. Pale tulipozoea kushukia leo kuna kuta na visiki chini ya maji. Tunaomba ubao mpana wa kushukia, na kijana wawili wa kushika mkono. Muzee ashuke wa mwisho, boti ikiwa imetulia.

Tano, muzee akae chini, katikati, si ukingoni. Wenzetu wa Minembwe munisikie vizuri hapa: mawimbi yakianza, musisimame kuomba. Muombe mukiwa mumekaa. Watu wakisimama pamoja upande mmoja, hata boti nzuri inapinduka. Mwenye kutapika aangalie pwani ya mbali, asiangalie chini, na atafune tangawizi.

Sita, dawa ziwe ndani ya chupa ya plastiki iliyofungwa, mfukoni mwa mwenyewe, si ndani ya mzigo. Mtu asiache dawa ya tansio kwa sababu ya safari mbele ya kumuuliza infirmie. Anywe maji. Na ndoo iwepo, na kitenge.

Saba, kwenye kila safari ya boti ya chama, muzee mmoja anayejua ziwa awe na sauti juu ya kuondoka. Akisema leo hapana, boti hailali njiani, inalala bandarini, na abiria hawadai pesa zao mpaka kesho yake.

Siku ya kuacha

Swali gumu tumelibakisha mwisho. Nani atamwambia muzee kwamba imetosha?

Tumekubaliana ishara tatu. Kama hawezi kutambua mtumbwi wa mbali ambao wengine wanauona. Kama hawezi kukaa chini na kuinuka mwenyewe bila kushikwa, ndani ya boti iliyofungwa pwani. Kama ameanguka ao amezimia mara mbili katika mwaka. Mwenye ishara moja, aache usukani, abaki abiria. Mwenye mbili, asafiri kwa ruhusa ya infirmie na akiwa na mtu wake pembeni. Hiyo inaweza kumfikia mtu wa miaka 55, na mtu wa 78 akabaki salama. Ndiyo maana tunasema pima mtu, usipime kadi yake ya uchaguzi.

Na anayemwambia asiwe mutoto wake mbele za watu. Mbele ya wageni, mutoto akimvua baba yake kasia mkononi, amemvua na heshima. Tumechagua wazee wawili na mama muzee mmoja. Hao watakwenda nyumbani kwake jioni, watakula naye, kisha watamwambia. Sisi wenyewe tutaambiana. Mwenzako wa umri wako akikuambia, hauna la kujibu.

Lakini anayeacha asitupwe. Kuna nyavu za kushona, kuna mbao za kuziba, na kuna vijana wengi waliozaliwa Nyarugusu, mbali na maji, ambao wamerudi huku na kununua mashini bila kujua upepo unatoka wapi. Hao ndio wanatutia woga kuliko wazee. Tunajitolea kuwafundisha, kila siku ya Jumamosi asubuhi, pwani, bure.

Basi bandugu, ombi letu ni hili. Pendekezo la miaka 65 likataliwe. Mahali pake tuweke hayo saba na zile ishara tatu, yajaribiwe mwaka mmoja, kisha tukutane tena tuhesabu. Na pesa kidogo za kwanza zitakazopatikana kwenye sanduku zinunue bidoni, kamba na ubao wa kushukia, maana hivyo vitaokoa muzee na kijana pamoja.

Sasa munyooshe mikono, kila mmoja kwa roho yake.